Panya Aliyekula Vidonge vya Mama Coleta

Jumatatu, 7 Juni 1993
Mafua yameingia Malangali. Jirani wa kushoto kalala, wa kulia kalala. Na ulezi wa kijiji cha Kasense ndio unapurwa sasa! Tangu biashara iwe huria, anayewahi ndiye anayenunua. Wanunuzi tuliobaki na miguu ni wawili: mimi na Polikarp, mwenye baiskeli mpya na dharau za zamani.

Nilimsindikiza mke wangu Evodia zahanati. Nesi Stefania alikuwa akiwafundisha akina mama. Alisema homoni za kike zinagusa kinga ya mwili. Virusi vya mafua vikiingia, kinga ya mwanamke mara nyingi huamka upesi na kwa nguvu kuliko ya mwanamume. Hata vidonge vya majira, vile vya kuzuia mimba, vina homoni za namna hiyo. Akasema "lakini". Hapo nikamwona Polikarp anapita na magunia matupu. Nikatoka mbio. Niliyoyasikia yananitosha.

Alhamisi, 10 Juni
Evodia ana vidonge vya majira. Anavificha kwenye kibuyu cha mbegu ya ulezi, maana Kanisa limevikataza, nami ni mwenyekiti wa jumuiya na nyumba yetu inatazamwa na parokia nzima. Huwa najifanya sijui. Leo nimechukua pakiti mbili. Ile aliyokwisha kuianza nimemwachia; mimi si mnyama. Nimemeza viwili kwa togwa. Polikarp atanitambua!

Jumatatu, 21 Juni
Siku ya nane kitandani. Homa, kikohozi, kichefuchefu. Chuchu nazo zinauma, jambo ambalo sitamwambia mtu. Polikarp amekomba ulezi wote wa Kasense. Alikuja kunipa pole huku anatabasamu, na limao mkononi. Limao moja!

Pakiti ya Evodia imekwisha, na kibuyu amekikuta hakina kitu chake. Hakusema kimepotea nini. Alisema tu kuna panya. Kwa nesi anaona haya kurudi kabla ya tarehe. Nikamwahidi mtego. Nimeagiza ununuliwe, nikautega mwenyewe.

Jumapili, 12 Septemba
Evodia ni mjamzito. Kaniambia tukitoka misa. Wa tano. Uzazi uliopita nusura umwondoe, na tuliapa basi. Nilitazama viatu vyangu. Ningekiri pale pale, ila watu walikuwa wengi. Nyumbani nako kulikuwa na watoto.

Jumatatu, 8 Novemba
Mafua yamerudi na mvua. Safari hii yamempata Evodia. Anahema kwa shida; amelazwa.

Nesi Stefania amenimalizia ile "lakini". Kinga ikiamka kupita kiasi huweza kuyaumiza mapafu yenyewe. Homoni hupanda na kushuka, na wataalamu bado wanachunguza. Mimba hubadili kinga na kubana pumzi, hivyo mafua kwa mjamzito ni hatari, kwake na kwa mtoto. Akauliza kwani siku ile sikuwepo. Nikasema nilikuwepo.

Alhamisi, 11 Novemba
Kutwa nimekaa kando yake. Midomo imemkauka. Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi. Polikarp amemleta binti yetu Coleta kwa baiskeli, na uji wa kumpa mama yake. Hakutabasamu hata kidogo.

Nilifungua mdomo nimwambie Evodia yote. Akatangulia yeye, sauti ndogo: Baba Coleta, yule panya amenasa? Nikasema bado. Akasema akinasa nisimuue, ana watoto wanne na wa tano yuko njiani.

Nilijifunika uso kwa shuka lake, nikalia.

Jumapili, 14 Novemba
Homa imeshuka! Evodia amemaliza bakuli la uji. Mtoto anacheza tumboni. Nimepiga magoti kwenye sakafu ya zahanati mbele za watu, nikaapa sitagusa kibuyu kile maisha yangu yote. Yale ya panya nimeyafikiria sana. Alikuwa anaweweseka. Hakuna haja ya kumsumbua mgonjwa kwa maungamo.

Nesi Stefania alikuwa akimweleza kwamba maziwa ya mama hubeba kinga na kumpa mtoto. Akasema "lakini". Mimi nilikuwa nimekwisha kufika mlangoni.

Mtoto atazaliwa Machi. Ulezi unapurwa Juni. Kikombe kimoja tu cha maziwa hayo, asubuhi, kabla ya safari ya Kasense. Mtoto hatakosa chochote.