Msimamizi Kwenye Zege Bichi

Jumatatu, 9 Juni 2025. Mbalizi.

Baridi ya kukata masikio. Shule imefungwa, wanafunzi wako likizo, sisi tumebaki kuwajengea darasa jipya. Mimi ni saidia fundi: kuchanganya zege, kubeba zege, kutukanwa kwa sababu ya zege.

Mzee Kalinga amepiga simu kutoka Kihesa. Ni baba yake Yusta, mwalimu mstaafu, na ndiye atakayesema kama nitamwoa binti yake au nitaendelea kulala na mifuko ya saruji. Mwaka jana nilimwambia nimekuja Mbeya kusomea ualimu wa sekondari. Swali lilikuwa la ghafla.

Leo ameuliza nimefika hatua gani. Akanitajia kama yuko mbele ya darasa: kidato cha nne, cha sita, chuo, mazoezi ya kufundisha, kusajiliwa, leseni. Mimi niliishia kidato cha pili. Nikachagua hatua ya katikati. Nikasema niko kwenye mazoezi, hapa Mbalizi.

Amefurahi sana. Jumamosi anakuja kwa ndugu zake Ilomba, atapita akae nyuma ya darasa anitazame.

Nina darasa lisilo na madirisha na sina mwanafunzi hata mmoja. Lakini akili ninayo.

Jumanne, 10 Juni.

Wanafunzi wamepatikana. Ni vibarua wenzangu. Nitasema ni kambi ya watu wazima wanaojiandaa na mtihani wa kujitegemea. Hapo hata ndevu zao zitaeleweka.

Asukile, aliyemaliza kidato cha nne na hataki tusahau, aliuliza nitafundisha somo gani, utoro? Wakacheka mpaka koleo zikaanguka. Kisha akatoa sharti: kumwagilia zege maji asubuhi kabla ya kazi, ambayo ni zamu yao, nifanye mimi peke yangu wiki nzima.

Nimekubali. Wanadhani wamenipata. Nitautumia muda huo kujizoeza bila kuchekwa.

Jumatano, 11 Juni.

Ukungu mzito, huoni mtu. Nilimwaga maji, nikachukua chaki, nikaanza. Somo ni Jiografia, mvua za milimani. Sekondari hufundishwa kwa Kiingereza na changu kinaishia kwenye salamu, ila mada hii ni michoro mitupu. Nikachora mlima ukutani. Nikachora wingu. Papo hapo wingu likaingia kwenye matundu ya madirisha na kujaa darasani. Nikajisifu.

Lilipopungua, nilimwona mzee ameketi kiti cha mbao kule nyuma. Koti la kijivu, miwani, kalamu mkononi. Nikamwamkia. Hakuitikia. Alinipungia mkono niendelee.

Nimemjua mara moja. Vyuo hutuma wasimamizi kukagua walimu wa mazoezi, nao hawapigi hodi. Huyu amekosea shule. Bahati yangu. Nilichora mshale wa mvua kwa madoido, nikageuka. Hayupo. Kiti nacho hakipo.

Nilikwenda mpaka nyuma kumtafuta. Kosa kubwa. Nusu ile ya sakafu tuliimwaga jana jioni, bado mbichi. Paka akipita utamjua. Fundi mkuu, Gerson, aliona nyayo zangu akanitukana mimi na ukoo. Alisema hivi: zinaenda mpaka nyuma, zinasimama kama zinaamkia mtu, zinarudi. Nikamweleza kuhusu mzee. Aliinama akaitazama sakafu muda mrefu. Nyayo zilikuwa zangu tu.

Chuo kinaajiri watu wepesi sana.

Alhamisi, 12 Juni.

Amekuja tena. Leo amesema. Sauti yake ni kama chaki inayokwaruza ubao. Aliuliza andalio la somo liko wapi. Nikasema liko kichwani. Akaandika kitu.

Wakati wa chai nilimsimulia Mama Esnath, anayetupikia. Aliuliza kama miwani ina mkono uliofungwa uzi mweusi. Nikasema ndiyo. Akaweka mwiko chini. Akasema huyo ni Mwalimu Andendekisye, msimamizi wa mazoezi wa miaka mingi. Alikaa nyuma ya kila darasa Mbeya hii, na hakuna aliyempita bila kujiandaa. Wamemzika Ilomba.

Asukile alicheka kidogo, kisha akahamisha kikombe chake akakaa mbali na darasa.

Mimi nimelifikiria vizuri. Msimamizi ni msimamizi. Akinipitisha, nani atakwenda kumbishia?

Ijumaa, 13 Juni.

Gerson aliagiza nusu ya nyuma imwagwe upya jana, lakini yeye mwenyewe hakuingia. Alisimamia kutoka nje, akielekeza kwa kidole.

Nimeandika andalio la somo kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Asubuhi mzee alikuwa ameketi juu ya zege lile lile, miguu ya kiti haijazama. Nikampa heshima zote. Nikamwomba anipitishe, nikaeleza habari za Yusta, nikataja na ubaridi wa stoo ninamolala.

Aliuliza nitajuaje kama wanafunzi wameelewa. Nikasema nitawauliza kama wameelewa.

Alifumba macho. Sijui kama walio kule huwa wanachoka, lakini huyu alichoka. Akasema kesho atakuwepo.

Nitalala vizuri. Mtu hasemi atakuja kama hana nia njema.

Jumamosi, 14 Juni.

Mzee Kalinga alifika na koti lake la kanisani. Vibarua waliketi juu ya matofali, wakasimama, wakaniamkia kwa sauti nene za kubeba zege. Nilijiona mwalimu kabisa.

Mzee Kalinga alikaa nyuma. Ukungu ukaingia. Ulipotulia, walikuwa wawili.

Nilichora mlima. Asukile, shetani yule, akanyoosha mkono: samahani mwalimu, kwa nini mvua inyeshe upande huu wa mlima, upande wa pili pawe pakavu? Nikasema serikali inalishughulikia. Darasa zima likainamisha vichwa, mabega yakitikisika. Kule nyuma hakuna aliyecheka. Vichwa viwili viliinamiana, vikanong'ona. Kisha Mzee Kalinga akainuka, akavua kofia, akasema shikamoo mwalimu. Hakuwa ananiambia mimi.

Asukile aligeuka kuona anaamkiwa nani. Alitoka kwa kupitia dirishani.

Nje, Mzee aliniambia polepole kwamba mwenzake amemweleza yote. Sina cheti cha kidato cha nne, sina chuo, leseni nisiitaje. Ila amesema nina sauti ya kufundishia. Kwa hiyo nianze upya, mtihani mmoja baada ya mwingine, na Yusta hataozwa mtu mwingine nikiwa nasoma kweli. Alisema Mwalimu Andendekisye alimrudisha hata yeye mara mbili ujanani, na hajawahi kumkosea.

Nikaona niwe mkweli angalau kwa jambo moja. Nikamwambia, baba, huyo mwalimu amekufa.

Akasema anajua. Alilibeba jeneza.

Jumapili, 15 Juni.

Yusta amepiga simu. Alilia, akacheka, akasema nijiandikishe, atanisubiri hata miaka mitano. Asukile naye, ajabu, amenipa vitabu vyake vya kidato cha tatu na cha nne. Anasema nivisome haraka yule mzee aondoke.

Vitabu ni vinene. Nimevipima kwa mkono.

Baada ya misa nilipita mahali wanapojenga zahanati. Wanatafuta saidia fundi. Nimefikiri: ualimu una wakaguzi wengi, uuguzi ni koti jeupe na upole tu. Nimemwandikia Yusta kwamba nimebadili fani, nimeanza mazoezi ya uuguzi, amweleze baba taratibu.

Fundi wa pale alinionyesha sakafu ya wodi. Wameimwaga leo asubuhi. Mwisho wa chumba, juu ya zege bichi, ameketi mama mzee mwenye kofia nyeupe ya wauguzi, kalamu mkononi. Fundi hakumtazama. Mama alinipungia mkono niendelee.

Nimempenda. Haonekani mtu wa maswali mengi.