Wembe, Jiwe na Baba Yake Kabula

Leo nimeaibika mchana kweupe, wembe ukiwa mkononi.

Nyie mnajua mimi ni kinyozi hapa Mpanda, na ndevu bado nanyoa kwa wembe wa kukunja, ule wa kunoa kwenye jiwe. (Wenzangu wana mashine. Mimi najifanya fundi.)

Asubuhi akaingia mzee mmoja, mfugaji wa Usevya. Baba yake Kabula! Kabula wangu, mwaka wa pili huu tunapendana kwa siri. Mzee mwenyewe hanijui hata jina.

"Ninyoe vizuri, kijana. Jumamosi kuna watu wanakuja kumposa binti yangu."

Jamani!

Nikampaka povu. Kugusa wembe, butu. Nikalowesha jiwe, nikaanza kunoa ili nitulie.

Shwaa, kwenda. Shwaa, kurudi. Maji juu ya jiwe yakageuka kama maziwa. Shwaa. Nikajiona niko Usevya, mpunga umeiva, upepo unaulaza na kuuinua. Ng'ombe wanarudi taratibu, vumbi lao limeshika rangi ya jua. Kabula anakuja na birika, anatabasamu tu. Shwaa. Mzee ananisogezea kiti karibu yake...

"Asante baba mkwe, chai inatosha. Kabula ameshanimiminia."

Nani kasema hivyo? Mimi! (Kwa sauti! Na wateja wanne kwenye benchi!)

Povu lilikuwa limeshamkaukia mzee usoni.

"Baba mkwe wa nani?"

Mzee akatoa simu, akaweka sauti ya nje.

"Kabula, unamjua kinyozi yeyote huku mjini?"

"Kinyozi? Yule anayeongea peke yake akinoa?"

Benchi lote likaangua kicheko. Natamani ardhi inimeze.

"Kumbe unamjua," mzee akasema.

"Baba, wale wa Jumamosi mimi siwataki. Nilikuwa naogopa kukwambia."

Mzee akakata simu. Akanitazama mimi, akautazama wembe, akajifuta povu kwa taulo langu.

"Wale nitawazuia. Jumamosi njoo wewe, na wazazi wako. Ila ndevu zangu huzigusi."

Akatoka, akavuka barabara, akaingia kwa kinyozi mwenzangu mwenye mashine.

Haya chekeni. Ila atakayezidisha, pilau ya harusi hali.