Nyumba Inauzwa, Nami Nimo Ndani

Jumanne, 8 Oktoba
Dada yangu Rosalind kaja na dalali. Bango limesimama getini: INAUZWA. Nyumba yetu ya mawe! Babu alizaliwa humu, nami pia, na Machi iliyopita mama akafia humu mikononi mwangu. Nina miaka sitini na moja na sina kwingine. Rosalind anasema nyumba ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Akaniuliza kama nina la kusema. Nikamjibu ni sawa tu, afanye anavyoona. Moyoni nililia. Haya basi: pasipo mnunuzi hakuna kuuza. Nitawatimua wote!

Alhamisi, 10 Oktoba
Wateja wa kwanza ni kesho. Nimeziba dohani ya moshi kwa gunia. Chini ya sinki kuna samaki wa tangu juzi. Kunanuka balaa. Nimelazimika kulala madirisha wazi, na sasa nina mafua.

Ijumaa, 11 Oktoba
Wamefika. Jolyon na mkewe Tamsin, watu wa London, mabuti yao ya mpira hayajawahi kuona tope. Nikawasha moto, sebule ikajaa moshi. Tamsin akakohoa mpaka machozi. Raha iliyoje! Hapo ndipo malezi yakaniponza. Mgeni anakohoa, utamwachaje bila chai? Nikachemsha maji. Nikatoa vikombe vya mama vyenye maua, na keki ya tangawizi. Mlafi mimi, nikala nao. Tamsin akamshika mumewe mkono: "Jolyon, umeona? Hapa ndipo watu wanapoishi kweli!" Ile harufu, alisema, ndiyo harufu yenyewe ya nyumba za kale.

Jumanne, 15 Oktoba
Wanarudi kesho. Mpango mpya: mzimu. Nitawaambia kuna bibi alifia chumba cha juu, naye hulia usiku. Mama alifia chumba hicho kweli. Ila halii. Angekuwa analia ningemsikia, maana nimetega sikio sana.

Jumatano, 16 Oktoba
Nimewaambia. Tamsin alipiga makofi kama mtoto, akauliza kama mzimu umo kwenye bei. Wakapandisha bei papo hapo, wasije wakazidiwa na wanunuzi wengine. Kisha Jolyon akazunguka bustani. Anataka kuukata mti wa peasi apate pa kuegesha gari. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama nitaona vibaya. Nikasema hata kidogo. Mwili wa mama ulichomwa, na majivu yake nimeyafukia chini ya mti huo, na sikumwambia mtu. Nikawaongezea chai.

Ijumaa, 29 Novemba
Mikataba imetiwa saini. Imekwisha. Rosalind alinirudisha kwa gari. Tulipofika kwenye malisho akasema, macho yake barabarani: "Leonard, mimi nilikuwa nakungoja wewe. Ungesema tu unataka kubaki, lile bango ningeling'oa kwa mikono yangu. Hizo hela mimi za nini?"

Nikamwambia sikutaka kumsumbua.

Akaegesha kando ya ukuta. Mikono yake ilibaki kwenye usukani. Kondoo walikuwa wamejikunyata mvuani. Kisha akasema leo kuna baridi. Nikakubali kwamba ndiyo, ipo. Kama kuna saa niliyotamani kufa, ni ile.

Jumamosi, 14 Desemba
Nimehamia kwa Rosalind. Jana nilipita kijijini kuchukua vikombe. Mti haupo. Pamemwagwa kokoto, na gari jeusi limekaa juu yake. Tamsin alinikaribisha chai. Nikamwambia bustani imependeza.

Rosalind ana vyumba viwili vya wageni. Cha mbele kina dirisha kubwa, na kule ng'ambo ya bonde unaliona paa letu. Cha nyuma hakina dirisha la maana, na kina bomba linalonguruma usiku kucha. Akaniuliza nataka kipi. Akaniuliza tena. Mara ya tatu akanishika mabega: "Safari hii nambie ukweli, kaka yangu. Nakuomba."

Nikamwambia chochote kitanifaa.

Niko cha nyuma. Bomba linanguruma. Lakini nisidharauliwe, nina mpango. Kesho nitaanza kukohoa kwa nguvu, mpaka ahisi mwenyewe kwamba nilitaka cha mbele.