Nyaya za Serikali Hazibadiliki Mdomoni

Kuanzia Jumatatu, nyaya zote za kunyooshea meno zilipigwa marufuku kubadilika zikiwa mdomoni mwa raia. Tangazo lilisomwa na Mkurugenzi wa Huduma za Kinywa mwenyewe, na watumishi wakapiga makofi kwa mujibu wa ratiba.

Chanzo kilikuwa daktari wa meno wa kliniki ya serikali, mama mmoja mpole, aliyeomba nyaya mpya. Alieleza kwamba waya ukikaa sana mdomoni, mate, soda na mabaki ya chakula huula kidogo kidogo. Hupata vishimo, hukwaruza, hautelezi tena, na meno hugoma kusogea. Mwishowe hukatika. Mkurugenzi alimsikiliza hadi mwisho.

"Ulipotoka kiwandani ulikuwa na vishimo?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Basi mwenye kosa ni kinywa."

Ndipo ikaundwa Kamati ya Mwenendo wa Vinywa. Aliyetaka waya mpya alitakiwa kufika mbele yake na kujitetea kwa mdomo wake mwenyewe. Mwalimu mmoja wa chekechea, ambaye waya ulimchana shavu hadi akashindwa kuimba na watoto, alipatikana na hatia ya kunywa maji ya ndimu. Waya wake ukasuguliwa, akarudishiwa. Mkurugenzi alilala usingizi mnono.

Naye alikuwa na meno ya mbele yaliyopandana, na picha yake ilikuwa itundikwe kila ofisi. Akafungwa waya. Miezi ikapita, ulimi ukaanza kusikia mikwaruzo. Akajiambia ni mawazo tu. Hakumwambia hata mkewe, ingawa mkewe alishamwona anavyotafuna kwa upande mmoja na kumeza matonge mengine mazima mazima.

Asubuhi moja waya ukakatika mezani, ncha ikazama shavuni. Kabla ya chai ya saa nne uso ulikuwa umeumuka na ulimi umegoma kazi. Mkewe akamkokota hadi kliniki.

Daktari alimsikitikia kweli. Akaichomoa ncha, akautoa na waya uliobaki, akampa dawa ya maumivu. Nyaya mpya zilikuwepo kabatini, ila kibali kilikuwa ghorofani, kwa Kamati.

Kamati ilimpokea kwa heshima zote. Naibu wake, aliyekalia kiti cha mwenyekiti, akamwomba ajitetee. Mkurugenzi alitaka kusema kwamba waya hubadilika. Kilichotoka ni "aya uababika." Mkewe akajitolea kumsemea, akaambiwa kanuni inataka mdomo wa mtuhumiwa.

"Samahani, shemeji," Naibu alisema, kisha akamgeukia bosi wake. "Waya wa serikali haubadiliki, mheshimiwa. Ulitufundisha wewe."

Wajumbe wakapitisha kwa kauli moja. Waya ule ule ukasuguliwa, ukaungwa, ukateremshwa kliniki kwenye trei safi. Daktari akavaa glavu, akamwomba apanue. Mkurugenzi akautazama waya, akamtazama daktari, akafungua mdomo.