Daraja Linaloniibia Wapishi

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu zangu, wewe na wote mnaohangaika kutoa gazeti. Mimi ni Orville Lindqvist, mwenye mkahawa wa kifungua kinywa upande huu wa Mto Snake, hapa jimbo la Idaho. Sina tabia ya kulalamika, lakini daraja linanionea.

1. Kwetu kima cha chini cha mshahara ni dola saba na robo kwa saa. Ukivuka daraja tu uko jimbo la Washington, na huko ni zaidi ya dola kumi na sita. Mto ni ule ule, mayai ni yale yale, na viazi wanavyokaanga kwenye mkahawa wa kule vimetoka kwetu. Hizo dola za ziada wanalipia nini, upepo?

2. Mwezi uliopita mpishi wangu wa miaka mingi, Darla Pruett, alipangusa jiko, akavua aproni, akaniaga.

"Darla, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, bosi. Ni daraja tu."

"Daraja limekufanya nini?"

"Limenipandishia mshahara."

Nilimkumbusha kwamba kila Krismasi humpa bata mzinga mzima. Akaniuliza kama kampuni ya umeme inapokea bata mzinga.

3. Wateja nao wakamfuata. Gus, dereva mstaafu wa malori ya magogo, sasa anakunywa kahawa kwangu kisha anakwenda kula ng'ambo. Nikamwambia, "Gus, kule mayai ni ghali!" Akajibu, "Ghali kweli, ila Darla siku hizi anacheka." Mhariri, tangu lini kicheko kikawa chakula?

4. Nilimtuma mke wangu, Ardith, akapeleleze. Alirudi jioni na aproni mpya begani.

"Ardith, nilikutuma ukapeleleze!"

"Nimepeleleza, mume wangu. Wanalipa kila Ijumaa."

Miaka yote hiyo kwangu alifanya kazi bure, na hakuwahi kunung'unika nikiwepo.

5. Sasa napika mwenyewe. Jumapili mchungaji alionja omleti yangu akainamisha kichwa. Nilidhani anashukuru, kumbe anatafuta pa kuitemea.

Kwa hiyo naomba daraja lifungwe kila asubuhi kwa yeyote mwenye aproni. Hilo likishindikana, mto usogezwe maili moja kuelekea magharibi, ili mkahawa wa kule nao uangukie Idaho. Wakisema ni gharama kubwa, waambie vibarua watafutwe upande wetu. Ni rahisi sana.

Nisalimie wachapaji, wauza magazeti, na yule dada anayepokea simu zangu kwa uvumilivu.

Ni mimi, raia mpole aliyeonewa,
Orville Lindqvist

N.B. Tafadhali usiichape barua hii. Jana nilivuka kwenda kumgombeza mwenye mkahawa wa kule. Kabla sijafungua kinywa, akaniuliza kama naweza kuosha vyombo. Naanza Jumatatu, na mkahawa wangu nimeufunga. Nimemwambia mshahara wake si mbaya, ila nasikia Seattle wanalipa zaidi. Akaniambia, "Mzee, sufuria zile pale."