Anayekimbia Ndiye Anayekamatwa

Jumatatu, 9 Juni

Nimeamka nikiwa kiongozi. Watu bado hawajajulishwa.

Mafunzo yameanza leo. Watu wa Karatu na wa Ngorongoro tumechanganywa, wiki nzima nje, kupanda milima na kulala kwenye mahema, ili tukirudi tuweze kuongoza vijiji vyetu na kutetea maji na ardhi. Mkufunzi ni mwalimu Angela, binti wa Karatu mjini. Anasema uongozi haufundishwi kwenye viti vya plastiki. Nilikuwa nimekuja na kiti changu. Nimekirudisha nyumbani.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi kuna mkutano kijijini kwetu Endabash. Atakuja afisa wa maji, na atakuja meneja wa ile kambi ya watalii iliyo juu ya chemchemi yetu. Sisi tunasema kambi inamwaga maji machafu kwenye chemchemi. Meneja anasema maji yake yote yanaingia shimoni, upande wa pili wa kilima. Tangu mwezi wa tatu watoto wanajikuna. Ndama wetu alikufa mwezi wa nne. Mke wangu Bernadina sasa anachota maji ng'ambo ya korongo, na akirudi haongei mpaka amekaa kidogo.

Kikundi kitachagua msemaji mmoja. Atavaa koti jekundu la mvua la mwalimu Angela. Nimelijaribu mwalimu alipokwenda kunawa. Linanikaa vizuri sana.

Tena kuna baba mkwe, Mzee Lazaro. Huwa anasema mbele za watu kwamba maishani mwangu nimeongoza punda tu, na punda mwenyewe alinipita. Jumamosi atakuwepo.

Mkakati: nimewagawia wenzangu maandazi ya Bernadina, kila andazi nikilitoa nataja jina langu. Inosenti huyo, Inosenti huyo. Wamekula yote. Kisha wakaniomba nimfikishie Bernadina shukrani zao.

Jumanne, 10 Juni

Tumepanda mlima Olmoti. Ukungu, baridi, kinyesi cha nyati kila mahali. Askari wa hifadhi mbele na bunduki yake.

Kiongozi hutangulia, hilo kila mtu analijua. Nikawapita wote. Nikampita na askari. Akaniambia kwa upole kwamba kama nina miadi na nyati, nimwachie kwanza namba ya simu ya ndugu zangu. Nikarudi nyuma yake.

Selina alikuwa mkiani kabisa. Huyu ni jirani yetu, mkulima wa maharage, rafiki wa mke wangu, ananiita shemeji. Alikuwa anatembea na mama mmoja wa Enguserosambu mwenye goti bovu, kambebea na mkoba wake. Nilimsikitikia Selina. Huko nyuma nani atamwona?

Tulipofika juu mwalimu Angela akasema mlimani kiongozi hutembea mwisho, ili asibaki mtu. Mbona hakusema asubuhi?

Kushuka nikawa wa mwisho. Selina akapunguza mwendo, nami nikapunguza. Akasimama, nikasimama. Akaniuliza kama naumwa. Nikaingia nyuma ya kichaka, nikangoja mpaka akatangulia. Kichaka kilikuwa cha upupu. Nilipotoka, njia sikuiona.

Selina ndiye aliyerudi kunitafuta, pamoja na yule askari. Wakanikuta nimekaa juu ya jiwe najikuna. Amenipaka mafuta ya ng'ombe shingoni, akasema shemeji pole. Mpinzani mbaya ni yule mwenye huruma.

Jumatano, 11 Juni

Tumehamia Endabash, mahema yako mtaa wa juu wa kijiji, karibu na chemchemi. Hema moja nalala na Kisioki wa Piyaya. Anakoroma, lakini leo nimemsamehe yote.

Wakati wa chai mwalimu Angela aliuliza tumchague msemaji kwa njia gani. Nikapendekeza kunyoosha mikono, na nikanyoosha wangu ili kuonyesha mfano. Kisioki akasema kwao msemaji wa rika hapatikani hivyo. Wazee wanawatazama vijana muda mrefu, kimya kimya, kisha siku moja wanamkamata wamtakaye na kumpa rungu jeusi. Mwenyewe hukimbia. Wengine hulia machozi kabisa, kwa sababu mzigo ule hautuliwi mpaka kufa. Anayeutaka hapewi.

Watu wakapenda. Wakakubaliana: kesho kutwa asubuhi kikundi kitamkamata mtu.

Nilikaa nikitafakari mpaka chai ikapoa. Kumbe nilikuwa nakosea siku zote! Anayekimbia ndiye anayekamatwa. Basi nani hapa atakimbia kunishinda mimi, niliyemkimbiza punda miaka kumi?

Nimeanza papo hapo. Nikasimama nikasema mimi Inosenti sistahili, msinifikirie kabisa. Nikanyamaza ili wapinge. Hakupinga mtu. Mama wa Enguserosambu aliitikia kwa kichwa. Wanaficha vizuri, hawa.

Nimeomba kitunguu jikoni. Cha Mang'ola, kikali. Kwa ajili ya machozi.

Alhamisi, 12 Juni

Leo tumefuata maji kutoka chemchemi hadi kwenye uzio wa kambi, tukitafuta bomba. Tumepekua majani kwa fimbo. Hakuna kitu. Meneja alisimama juu kwenye kibaraza chake na kikombe cha kahawa, akatupungia mkono. Mtu mchangamfu. Anakera.

Wenzangu wamerudi wameinamisha vichwa. Bila bomba, Jumamosi itakuwa neno letu na neno lake, na yeye ana suti. Selina hakurudi nao. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza habari za watoto na mifugo. Kwetu alikaa na Bernadina jikoni, wakazungumza kuhusu yule ndama. Bernadina alilia kidogo. Kwangu hajawahi kulia. Nilikuwa nje nimeegemea ukuta, nikasikia, nikajisikia vibaya mno, nikaenda kukata kuni ambazo hazikuhitajika.

Kisha nikarudi kwenye shughuli. Mahali pa kujificha pasiwe hadharani mno, wataona nafanya makusudi. Pasiwe mbali mno, hawatafika. Nimepata kichaka kizito chini kidogo ya uzio wa kambi. Kuna kifereji kikavu, nyasi laini. Nitaning'iniza shali yangu kwenye mwiba waifuate.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekaa mbali na watu, naandika.

Baada ya uji Kisioki akasema tusimame duara. Aliposema neno duara nilikuwa nimeshaondoka. Nilimsikia mwalimu Angela akiuliza huyo anaharisha au vipi.

Nikafika kichakani nikihema. Shali juu ya mwiba. Nikakaa. Nikatoa kitunguu, nikakimega, nikakisogeza machoni. Machozi yakaja vizuri. Watu hawakuja.

Nikamega tena. Chini kule kukatokea vigelegele na makelele. Nikajua wamepanga vikosi. Kwa adabu nikasogea ndani zaidi ya kichaka, maana mtu akikamatwa kirahisi mno anadharaulika.

Ardhi ikafunguka.

Sikuwa na la kufanya. Nilikwenda chini miguu ikitangulia, nikasimamia kwenye kitu kama uji wa baridi uliofika kiunoni. Harufu nisiieleze. Kulikuwa na majani ya chai, vipande vya sabuni vile vidogo vya hotelini, karatasi laini, na nywele za watu wasiojulikana. Pembeni yangu bomba jeusi lilitokeza kwenye udongo, likitiririsha taratibu kuelekea kwetu. Juu yake walikuwa wametandika magunia na kupanda nyasi. Ndiyo maana zilikuwa laini.

Nikajaribu kutoka, nikazama kidogo. Nikaacha kujaribu. Jua likapanda. Nikaomba kwa Mungu, maana Mungu si Athumani.

Baadaye nilielezwa yaliyotokea chini. Walimkamata Selina. Alikuwa anaosha masufuria, akawaona wanamjia, akatupa sufuria na kukimbilia kwenye maharage ya watu, analia anasema yeye darasa la saba tu, wamwache. Wakamshika. Alilia bila kitunguu. Wakati wa ugali akahesabu sahani, akauliza shemeji yuko wapi. Hakuna mwingine aliyekuwa ameuliza.

Wakaiona shali. Uso wa kwanza kutokeza juu yangu ulikuwa wa Kisioki, wa pili wa Selina. Wamenikamata! Kisioki akashusha shuka lake nishike. Nikafanya kama mila inavyotaka: nikakataa. Nikawaambia siwezi, mzigo ni mzito, chagueni mwingine. Akaning'ang'ania, nikamsukuma. Nikalia kwa nguvu. Tukavutana mpaka shuka likachanika pembeni, na mimi nimefurahi kuliko siku ya harusi yangu.

Kisioki akaniambia mzee, acha ujinga, kuchagua tumeshachagua, shika shuka.

Nikashika.

Selina hakucheka. Alikuwa analitazama bomba. Kisha akaniambia shemeji, tafadhali, usioge.

Jumamosi, 14 Juni

Sikuoga. Bernadina alinilaza kwenye zizi la mbuzi. Mbuzi wakatoka.

Mkutano umejaa. Mzee Lazaro kiti cha mbele, mikono juu ya fimbo. Selina amevaa koti jekundu, limemzidi mikono. Alianza kwa sauti ndogo, nikajikuta namwombea ingawa ni mpinzani. Akataja watoto kwa majina, nyumba kwa nyumba. Akataja ndama wetu. Hakumtukana mtu.

Meneja akasimama na suti yake. Akasema kwa masikitiko kwamba kilima kizima hakina bomba hata moja upande wetu.

Selina akaniita, akaniomba nisimame karibu na afisa wa maji. Nikasimama. Jua lilikuwa limenipasha vizuri tangu asubuhi. Afisa akatoa kitambaa akaziba pua. Selina akabandua kutoka kwenye suruali yangu karatasi ya sabuni yenye jina la kambi, akampa. Meneja akakaa chini bila kuambiwa.

Afisa akasema apelekwe akaone kwa macho yake. Anayejua mahali ni mimi. Nikatangulia. Mkutano mzima ukanifuata, wazee, akina mama, mgambo, meneja, wote nyuma yangu, ingawa kwa umbali, maana upepo ulikuwa unawapelekea habari zangu. Nikapanda kilima nimenyoosha shingo. Nyuma kabisa alikuwa Selina, ameshika mkono wa bibi mmoja asibaki.

Bomba limezibwa leo hii, afisa amesimama pale pale akitazama. Kambi itatuletea maji safi kwa gari mpaka chemchemi ipimwe na kuonekana imepona, na meneja atajibu wilayani. Akina mama waliimba. Bernadina hakuimba. Aliketi kwenye jiwe, akalitazama lile bomba lililozibwa, akapangusa macho na kanga.

Nilioga mara tatu. Nikawa natetemeka kwa baridi. Selina akavua koti jekundu akanivisha, akasema akae nalo shemeji mpaka apate joto. Mzee Lazaro akanisogelea. Akasema leo amemwona mkwe wake anaongoza watu. Kisha akasema ni mara ya kwanza pia kuona watu wanamfuata kiongozi huku wameziba pua. Lakini alinishika bega aliposema, na mkono hakuuondoa haraka.

Nimelia. Bila kitunguu.

Jumapili, 15 Juni

Nimekwenda misa na koti jekundu. Nitalirudisha.

Baada ya komunyo katekista akatangaza kwamba jumuiya yetu inahitaji mwenyekiti mpya, na watachagua leo leo baada ya misa. Watu wakaanza kutazamana. Wawili walinitazama mimi. Mmoja alikuwa Bernadina, akitikisa kichwa kwa nguvu, nadhani kunitia moyo.

Nimechambua kosa la Ijumaa. Sikukimbia kwa kuonekana vya kutosha. Basi wimbo wa mwisho ulipoanza nikatoka mbio katikati ya kanisa, nikapiga benchi teke ili wasikie.

Niko nyuma ya tangi la maji la parokia. Shali nimeifunga kwenye koki. Kitunguu kiko mfukoni.

Ndani wanapiga makofi. Bila shaka wanapanga vikosi. Hapa nyuma kuna mfuniko wa mbao chini, umefunikwa na nyasi laini sana. Nimesogea kidogo, nikae juu yake, wasinipate kirahisi mno.