Mstari Mweupe Juu ya Boliti

Jumapili, 1 Machi 2015

Habari kubwa! Ronnie, dereva wa pikapu yetu, amerudi Uganda kuoa. Khalas, harudi tena. Kiti chake kiko wazi! Mimi Gerishom, mlinzi wa lango la ghala hili la Al Garhoud, Dubai, nimekitazama kiti hicho kikipita mbele yangu kwa miaka mitatu. Kina kiyoyozi. Langoni nina feni moja, nayo imekwama ikiangalia ukuta.

Madam Sheikha, mwenye ghala, anataka dereva mpya wiki hii hii. Wenye leseni ni wawili. Mimi (niliipata jaribio la saba, lakini leseni haionyeshi hesabu hiyo) na Famau, mpakizi wa mizigo kutoka Lamu. Famau ni mpole kupita kiasi. Hapandishi sauti, hachelewi kazini, hata chai huikoroga polepole. Simwamini.

Pikapu inagongagonga kwenye magurudumu ya mbele. Madam ameamua kwamba anayetaka kuiendesha lazima kwanza aijue. Rafiq, fundi wa gereji ya jirani, atatufundisha kubadilisha boliti za breki. Kisha mimi nifanye gurudumu la kushoto, Famau la kulia. Alhamisi tunapeleka mzigo bandari ya Hamriya, na madam mwenyewe atapanda. Huko ndiko atakakochagua.

Nimeshinda tayari. Nani asiyejua kukaza boliti?

Jumatatu, 2 Machi

Leo nimeona maajabu.

Rafiq alifungua gurudumu la gari lake mwenyewe ili tuone. Ndani kuna sahani ya chuma inayong'aa, na juu yake kipande kizito kimeishika kama mtu aliyeshika chapati. Hicho ndicho kalipa. Ukikanyaga breki kinabana, gari linasimama. Nikauliza, nacho kimeshikwa na nini? Akanionyesha boliti mbili. Mbili! Kila moja ni fupi kuliko kidole changu cha kati. Tani nzima ya mchele, madam, dereva na dhambi zake, vyote vinategemea vyuma viwili vya kujaa kiganja! Nilivua kofia ya kazi. Kweli, niliivua.

Rafiq alisema boliti ya zamani hairudishwi, inatupwa. Akasema mpya hukazwa kwa spana ndefu ya kipimo, ambayo hulia tak! ikitosha, wala si kwa kukisia. Nadhani alisema hivyo. Sikusikiliza vizuri, maana alikuwa ameshika kibrashi. Kwa kibrashi hicho alichora mstari mweupe, mwembamba kama uzi, kutoka kichwa cha boliti hadi kwenye kalipa. Nikamuuliza ni wa nini. Akanijibu kwa Kiingereza chake cha gereji kwamba mstari ukinyooka, salama. Ukikatika, usiendeshe.

Kumbe siri yote iko hapo! Fundi ana miaka ishirini Dubai, ana spana mia, na kinacholinda roho za watu ni mstari. Nimestaajabu mpaka nimesahau kula.

Jumanne, 3 Machi

Famau amenunua daftari. Anaandika kila neno la Rafiq, na leo amemfuata gereji akamwomba arudie mara tatu. Mtu anayeuliza mara tatu hajui kitu.

Mimi nimeshughulikia jambo la maana. Nimemwendea Serah wa ofisini, tunayetoka naye Kakamega, nikamwomba kile kichupa cha wino mweupe wa kufutia makosa. Akauliza mimi mlinzi nina makosa gani. Nikamwambia hayo ni mambo ya ufundi, dada. Akanipa huku akicheka.

Nimefanya mazoezi siku nzima. Nimechora mistari kwenye lango, birika na kiatu cha kushoto. Jioni mkono wangu ulikuwa umetulia kabisa. Rafiq mwenyewe hachori hivyo.

Jumatano, 4 Machi

Siku ya kazi. Rafiq alitupa kila mmoja kifuko chenye boliti mbili mpya. Nikafungua changu. Mungu wangu! Zina rangi ya dhahabu, mizunguko imechongwa sawasawa, na kwenye ncha kuna gundi kidogo ya buluu. Sijawahi kushika kitu kilichotengenezwa kwa uangalifu namna ile. Kuzizika ndani ya vumbi la breki? Moyo ulikataa. Nimezitia mfuko wa shati. Nitampelekea mama azione.

Zile kuukuu nilizifuta kwa petroli, nikazirudisha. Zikaonekana karibu mpya.

Spana ya kipimo ilikuwa kwa Famau. Tak! Kisha anasoma daftari. Tak! Kisha anaanza upya. Lori likapiga honi langoni, na mimi ndiye mwenye lango. Basi nikakaza kwa vidole, nikaongezea kidogo kwa spana ya kawaida. Halafu mistari. Miwili, myeupe, imenyooka! Famau aliitazama akasema kwa upole, ndugu yangu, breki hazina mzaha. Wivu.

Rafiq alikuwa Sharjah kutafuta vipuri. Ametuma ujumbe kwamba pikapu isitoke kabla hajaikagua asubuhi.

Alhamisi, 5 Machi

Nimekaa chini ndipo niandike.

Madam alifika kabla ya Rafiq. Meli haisubiri, akasema, yalla! Famau akamwomba angoje fundi. Madam akainama, akamulika magurudumu kwa simu. Akaona mistari yangu. Akasema kazi safi, Gerishom, endesha wewe. Lo! Dunia nzima ilisimama. Nikakaa kwenye kiti cha Ronnie, upepo baridi ukanipiga usoni, nikajiona mtu.

Famau alipanda nyuma na mzigo. Alibeba ile spana ya kipimo. Mtu wa wasiwasi.

Kwenye mzunguko wa kwanza wa barabara: ko. Wa pili: ko, ko. Madam akauliza ni nini hicho. Nikamwambia breki mpya zinazoeana, madam. Ko-ko-ko! Nikafungulia redio. Famau akaanza kugonga paa la pikapu kwa ngumi. Mbele yetu foleni ya malori ya bandarini, na nyuma ya lori la mwisho watu wanne wamechuchumaa wanakunywa chai.

Nikakanyaga breki. Pikapu ikavuta kulia, ikalia kwa sauti ambayo sitaisahau. Niliogopa. Naandika wazi, niliogopa hadi nikamwita mama kwa jina lake. Tulisimama hatua mbili kutoka kwa vikombe vyao. Mmoja wao alikuwa bado ameshika kipande cha mkate mdomoni, hatafuni.

Famau akapiga jeki, akafungua gurudumu la kushoto. Boliti ya juu haipo! Imeanguka njiani na nusu ya mstari wangu. Ya chini ilikuwa inaning'inia kwa mizunguko miwili. Nikaitazama sana. Boliti moja, kuukuu, iliyofutwa kwa petroli, imeokoa roho saba. Machozi yalinitoka hapo barabarani.

Madam, ameshika baibui lisiguse vumbi, akauliza kama kuna boliti nyingine. Nikainama kuokota kofia, na kitu kikalia kling mfukoni mwangu.

Wote waligeuka. Nikazitoa. Madam akaniuliza zilikuwa zinafanya nini huko. Nikasema ni za dharura, madam. Famau alizichukua, akazikaza: tak, tak. Hakuchora mstari wowote. Wala hakuwa na daftari, alikuwa amelihifadhi moyoni.

Kurudi aliendesha yeye. Mimi nilikaa nyuma, juani. Tulipofika madam aliniambia Famau ndiye dereva, nami nibaki langoni. Lango halina breki, akasema. Rafiq aliposikia habari alishika kichwa, akakaa juu ya tairi muda mrefu. Nadhani alishangaa jinsi boliti zake zilivyo imara.

Jumamosi, 7 Machi

Nimetafakari kwa siku mbili na kosa nimelipata. Wino wa ofisini! Hauwezi joto la breki. Ungekuwa rangi halisi, mstari usingekatika, na sasa hivi ningekuwa kwenye kiyoyozi. Leo nimenunua kikopo cha rangi halisi na brashi.

Swaibu, Mganda tunayeishi naye chumbani, analala kitanda cha chini, mimi cha juu. Analalamika kwamba kitanda changu kinayumba, eti boliti zimelegea. Nikamwambia asiwe na shaka, ana bahati ya kulala chini ya mtu mwenye ujuzi. Nimechora boliti zote nane. Kazi nzuri ajabu! Nimeziangalia mpaka chai ikapoa. Swaibu akauliza kama nimezikaza. Nikamwambia atazame mistari.

Amehamishia godoro lake sakafuni, karibu na mlango. Watu wengine hawana imani.

Naandika haya nikiwa kitandani juu. Nikigeuka nasikia ko, ko kidogo. Boliti zinazoeana.